Sista Kafedha na Mikono ya Bibi Harusi

Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini watu nawajua, na Likoni yote sijaona mkono mwepesi kama wa Sista Kafedha. Miaka ya themanini na tisini, chumba chake pale zahanati kilikuwa cha ngozi, macho na masikio, yaani yale magonjwa ambayo wauguzi wengine huyatazama kwa mbali. Yeye sikio linalotoa usaha huliinamia kama anayenusa pilau.

Kabla hajakugusa huuliza, "Umetia nini?" Maana sisi watu wa huku hatuendi zahanati na ugonjwa mtupu. Jicho limeshapakwa wanja, sikio limeshatiwa mafuta ya nazi, kidonda kimeshasiribwa dawa ya meno.

Mwaka wa tisini na tatu nilimpelekea mpwa wangu, Mwanasaumu, wiki ya harusi yake. Mikono ilikuwa imevimba, na malengelenge yamefuata maua aliyochorwa, jani kwa jani. Tulikuwa na Bi Alawiya, mpambaji wake, ambaye njia nzima alishikilia kwamba dawa ni kuyafunika kwa hina nyingine. Jumamosi Mwanasaumu angeketi jukwaani, mikono itazamwe na wanawake wa mji mzima.

"Umetia nini?" Kafedha akamuuliza.

"Hina tu," akadakia Bi Alawiya. Mwanasaumu akainamisha kichwa.

"Bi Alawiya, hina ya mama zetu haichomi hivi. Siulizi nipate wa kumlaumu. Nisipojua ninachokiosha, mwana huyu atabaki na makovu maishani."

Nikaingilia, maana mimi sikosi la kusema. "Sista, pengine ni hasidi."

"Mjomba, hasidi hachori maua."

Bi Alawiya akaketi. "Ni piko," akasema polepole. "Ile rangi nyeusi ya nywele. Niliikoroga na ndimu ipate kushika."

Kafedha hakumkemea. Aliiosha mikono kwa maji tele, hakutumbua lengelenge hata moja, akapaka dawa aliyoandika daktari, akafunga bandeji. Kisha akamwambia Bi Alawiya, "Miguu bado ni yako. Hina tupu. Kwanza mpake kidogo nyuma ya sikio, tungoje mpaka kesho tuone kama itamchoma."

Kila asubuhi kabla ya kazi alipita nyumbani kubadilisha bandeji.

Jumamosi mimi mwanamume sikuingia kwenye sherehe ya wanawake. Mke wangu ndiye aliyenisimulia. Mashangazi walitaka bandeji zifunguliwe, japo kidogo tu, watu waone. Kafedha alikuwa ameketi ubavuni mwa bibi harusi, amejitanda leso kama wanawake wenzake.

"Mikono njooni muitazame mwezi ujao," akawaambia. "Leo ni zamu ya miguu."

Bi Alawiya mwenyewe akainua pindo la gauni. Vigelegele nilivisikia nikiwa barazani.

Mwezi uliofuata Mwanasaumu alinialika chakula. Alipokuwa akinipakulia wali niliishika ile mikono, nikaigeuza huku na huku nikitafuta kovu.

"Mjomba," akasema akicheka, "wali unapoa."