Trekta Iliyokataa Mlima

Mume wangu alibadilisha punda wangu kwa mashine ya kukata nyasi. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akanihurumia nusu nusu. Alikwenda Kibwezi kutafuta mbegu za nyanya, akarudi na lori la watu, na ndani ya lori mlikuwa na trekta nyekundu, ndogo, kongwe, ya kumkalisha mtu mmoja anayezunguka bustani yake jioni akipunguza ukoka. Mwenye shamba kule alikuwa anahama. Punda aliondoka na lori hilo hilo, hata hatukuagana.

Sisi tunakaa upande wa Kalamba. Huku nyasi zikithubutu kuota, mbuzi huzimaliza kabla hujajua ni za aina gani. Nilimuuliza mume wangu atakata nini. Akanijibu kwa upole, kama mtu aliyejiandaa njia nzima, kwamba visu angeving'oa, afunge trela nyuma, apange mapipa ya maji, na mimi sitaswaga punda tena maishani mwangu.

Shida yangu ilikuwa Alhamisi. Kikundi chetu cha mwethya, yaani wanawake tunaozunguka tukifanya kazi katika shamba la kila mmoja kwa zamu, kilikuwa kinakuja kwangu kuchimba matuta ya kushika maji ya mvua. Mwenye zamu anadaiwa mambo mawili tu: isyo ya kutosha, mahindi na maharagwe yaliyoiva vizuri, na maji yasiyokatika. Ukishindwa, hakuna atakayekugombeza. Unaimbwa. Wakichimba wanaimba, anayeongoza anatunga papo hapo, na maneno yakiwa matamu yanahamia shamba la wiki ijayo, kisha yanakusindikiza kwenye harusi za binti zako. Nina jirani ambaye isyo yake iliungua zamani sana. Yeye mwenyewe ameshasahau, wimbo bado. Mimi nilikuwa sijawahi kuimbwa, na nilitaka kufa nikiwa hivyo.

Mto wetu ni wa mchanga, uko chini bondeni, na maji huyapati bila kuuchimba. Kutoka huko hadi kwangu ni mlima mtupu. Siku ya kwanza trekta iliteremka na mapipa matupu kwa madaha. Kupanda, mapipa yakiwa yamejaa, ilifika katikati ikaanza kulia kama mtu mwenye jino bovu, ikapunguza mwendo, ikasimama. Injini ilikuwa inanguruma vizuri. Magurudumu ndiyo yaliyokataa. Mume wangu akamwaga pipa moja, haikusogea. Akamwaga la pili. Nilisimama juu nikiyatazama maji yangu yakirudi mtoni.

Fundi aliletwa kutoka Kikima, mtu wa mashine za kusaga unga, mnyamavu. Alilala chini ya trekta muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Alipotoka alituambia kwamba haina gia kama za gari. Inaendeshwa na mafuta: pampu inayasukuma, mafuta yanazungusha mota, na mota inazungusha magurudumu. Pampu ikichakaa, mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi, basi yanapenya pembeni badala ya kusukuma. Nikasema kwa ufupi ni mvivu ikiona jua. Fundi akafikiri kidogo, akakubali.

Mzee wa kanisa alipita akaiombea, kisha akashauri tuitie mafuta mazito ya lori. Sidhani sehemu hiyo ya pili aliipata kwenye maombi. Tuliyatia, na trekta ikakataa hata asubuhi kukiwa na baridi.

Ikabidi pampu ifunguliwe. Fundi na mume wangu waliipasua kwenye meza yangu ya kulia chakula. Vyuma vidogo na springi zikapangwa kwenye ungo wangu wa kupepetea maharagwe, na mafuta yakakingwa kwenye sufuria niliyokuwa nimeitenga kwa isyo ya Alhamisi. Ndani mlikuwa na sahani ya shaba iliyochimbika mistari mistari, na fundi akasema lazima isuguliwe kwa msasa juu ya kitu kilichonyooka kabisa. Meza haikufaa. Sakafu yetu ndiyo usiseme. Nilitoka kwenda kuwafungia kuku, niliporudi nikakuta picha yetu ya harusi iko uchi ukutani, na kioo chake kiko mezani, kimepakwa mafuta, wanaume wawili wakisugulia juu yake kwa zamu. Niliitungua picha, nikaenda nayo chumbani. Mume wangu ananijua, nikinyamaza huwa anaogopa zaidi.

Jumatano waliirudisha mahali pake, wakaitia trekta mafuta inayoyataka, wakaipeleka mlimani. Ilipita pale ilipokuwa ikisimama, ikafika kwenye ua wa mkonge, ikalia jino lake, ikaganda. Mume wangu akatia mwendo wa kurudi nyuma ili ashuke, na trekta ikaruka kwa nguvu, nusura imwangushe. Fundi akajaribu mwenyewe, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Akasema upande unaosukuma mafuta kwenda mbele umelika kabisa, lakini wa nyuma ni kama mpya, kwa sababu mwenye bustani alikuwa akienda mbele tu siku zote. Vipuri vingetoka Nairobi, labda wiki ijayo.

"Kama inavuta ikirudi nyuma," nikasema, "si ipande mlima ikirudi nyuma."

Walitazamana kama wanaume wanaotafuta sababu. Fundi akasema trela litajikunja. Nikamwambia alifunge mbele, livutwe. Mume wangu akasema magurudumu yatateleza kwa sababu nyuma ni kwepesi. Nikamwambia apakie magunia ya mchanga, si mto mzima tunao. Niliingia jikoni kusugua sufuria kwa majivu, kwa hasira, maana bado ilinuka mafuta.

Alhamisi wanawake walifika na majembe na sululu. Nilikuwa nimebeba mitungi mgongoni tangu alfajiri, nikajaza pipa moja tu, na jua lilipopanda nilisikia kikombe kikikwaruza chini ya pipa hilo. Anayetuongoza nyimbo alisikia pia. Aliegemea jembe lake akanitazama, midomo ikicheza taratibu, akipima maneno.

Ndipo injini ikasikika. Juu ya kilima yakatokea kwanza magunia ya mchanga, kisha mgongo wa mume wangu, shingo akiipinda mara kwa mara kutazama anakokwenda, na mwisho kabisa trela na mapipa yakimfuata, maji yakirukaruka. Hakuna aliyechimba. Kisha yule kiongozi akapaza sauti kwa Kikamba: tazameni mwanaume huyu, anarudi nyumbani akiukodolea mto macho, anaogopa utamfuata. Wenzake wakaitikia. Mmoja alicheka hadi akakaa kwenye tuta alilokuwa amelimaliza.

Basi nimeimbwa. Nilingoja aibu inishike, lakini watu walikuwa wanakunywa, wananawa nyuso, wanajimwagia maji kichwani kama wenye mto wao, na nikasikia kwamba anayeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Nilimpenda sana mume wangu saa ile, na iliniudhi kwamba nampenda.

Nikampelekea kikombe cha maji. Alikuwa bado amekaa juu ya trekta, hathubutu kuizima asije akashindwa kuiwasha, na kwa kelele zile hasikii chochote isipokuwa injini. Aliwatazama wanawake wakiyumba kwa wimbo, akaniinamia.

"Wanaimba nini, Mama?"

"Wanasema mume wangu ameleta maji."

Akanywa yote, akanirudishia kikombe, akageuza shingo kurudi mtoni.