Garimoshi la Siakago

Nilisikia filimbi yake kabla sijafika uani: sauti nyembamba yenye mkwaruzo, kama ya birika lililosahauliwa jikoni. Nilikuwa nimetoka Meru kwenda Siakago kununua garimoshi dogo la mvuke, refu kama mbuzi, lililoachwa na mwalimu wa ufundi aliyefariki. Mjane wake aliniambia kwa simu kwamba limeshika kutu, halijawashwa kwa miaka. Ndivyo nilivyolitaka: nilifungue kipande kwa kipande, nilirudishie uhai kwa mikono yangu.

Lakini mdogo wa marehemu alikuwa ameliwasha bandani ili linivutie. Makaa yaliwaka mekundu. Mshale wa kipimo cha mvuke ulikuwa umepita alama ya hatari, na bado ulipanda. Nikatazama juu ya tangi. Valvu ya kuachia mvuke unapozidi ilikuwa imechomelewa.

"Ilikuwa inavuja," akasema. "Nikaiziba."

Nikamwambia atoe moto upesi, tangi litapasuka. Akacheka. Katika masoko yetu kila mnunuzi huanza kwa kuponda: mbuzi anakohoa, mahindi yana wadudu. Naye alisikia hayo tu. Akasema watu wa Meru tunajulikana, hata jeneza tungelikosoa ili tupunguziwe.

"Basi nalichukua kwa bei yako," nikasema. "Yote. Toa moto."

Hapo nikaharibu kabisa. Huku kwetu, anayekubali bei ya kwanza ameona kitu ambacho mwenye mali hajakiona. Akakaza uso.

"Kijana, kuna nini ndani? Dhahabu?"

Akasimama kati yangu na garimoshi, nyundo mkononi, akaapa kwamba haliuzwi tena.

Mjane ndiye aliyetuokoa. Aliingia na jembe, akampiga kikumbo shemeji yake, akayakokota makaa yote hadi chini kwenye udongo, kama mtu aliyewahi kumwona mumewe akifanya hivyo mara nyingi. Mshale ukaanza kushuka. Hakuna aliyeshukuru.

Nilimfuata mjane hadi sebuleni, nikamwomba kwa upole aniuzie hata hivyo.

"Nikikuuzia, atasema tumemlia njama," akajibu bila kunitazama. "Wewe utarudi Meru, baba. Mimi nitabaki na huyu."

Nikasema nitarudi siku nyingine. Akasema nisirudi. Nilikuwa bado kwenye kizingiti alipousukuma mlango wa bati, ukanigonga kisigino, kisha nikasikia komeo likiingia.