A-Luan Aliyewakimbia Ndugu kwa Treni

Stesheni yetu haina mfanyakazi. Ina benchi, saa ya ukutani na paka. Treni ya taratibu husimama. Ya haraka hutupita na kutupulizia upepo wa mashamba ya mpunga. Tangu nimzike mke wangu Yinmei, nikishafungulia maji shambani huenda kukaa pale. Nyumbani watu huja kuniuliza kama nimekula. Paka haulizi.

Siku hiyo treni ya kutoka mji wa Taitung, kusini, ilisimama, akashuka mwanamke mmoja kinyumenyume, maana begi lake lilikwama mlangoni. Begi la mgongoni, jekundu, la vijana, limenenepa mpaka zipu inalia. Mwenyewe mfupi, mvi zake zimekatwa kama za askari. Umri wa kuitwa bibi. Treni ikaondoka. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Afadhali," akasema.

Kisha akaniona. Uso ukambadilika.

"Mzee, shikamoo. Nakuomba kitu kimoja. Usiniulize ukoo wangu."

"Marahaba. Sikuulizi."

"Wala kwetu ni wapi."

"Sikuulizi."

"Wala kama nimekula!"

"Hilo ndilo nisilouliza kabisa."

Akacheka, akatua begi, akakaa. Mtu asiyeulizwa husema yote. Ndivyo nilivyoyajua maisha ya A-Luan. Jina hilo alilitoa mwenyewe. La ukoo hakulitoa mpaka mwisho.

Kwao ni upande wa pili wa kisiwa chetu, kwenye mji wa watu wanaochachusha maharage meusi wapate mchuzi wa soya. Utotoni alichunga bata. Akaolewa nyumba yenye ua uliojaa mitungi. Kila asubuhi kufunua, kukoroga, kufunika. Mvua ikinukia tu, kukimbia kufunika yote. Mama mkwe alikaa kibarazani na kengele.

"Akiigonga mara moja, anataka chai," akasema. "Akiigonga mara mbili, chai imepoa."

"Na mara tatu?"

"Mara tatu, mume wangu analalamika kelele."

Treni aliwahi kupanda, lakini na watoto. Dirishani hukaa watoto. Watoto wakakua, dirishani wakakaa wajukuu.

"Kisiwa hiki mzee, nimekiona kupitia visogo vya watu."

Mama mkwe alikufa kwa uzee, kifo kizuri. Maombolezo yalipokwisha, A-Luan akachukua begi la mjukuu, akatia nguo mbili na chupa ya chai. Akasema anazunguka kisiwa kwa treni ya taratibu, peke yake. Mwanawe wa kwanza akapiga kelele, "Mama, utapotea!" Akamjibu, "Kisiwa ni duara, mwanangu. Nikipotea mbele kwa mbele nitatokea mlangoni." Mumewe akauliza nani atampikia. Akamwambia, "Una pua. Fuata harufu ya jirani."

Hakuna aliyemzuia. Walifanya kibaya zaidi. Walipiga simu kwa ndugu wa njiani.

"Kituo cha Chiayi," akasema, "treni haijasimama vizuri, binamu wa mume wangu anagonga kioo: 'Shemeji! Mapera!' Tainan, mapera. Kaohsiung, shangazi akanishusha kabisa. Nikalala kwake, akanifunika blanketi mpaka kidevuni kama mtoto mchanga. Asubuhi akanipa nini?"

"Mapera."

"Mapera! Na keki za nanasi juu yake, kuyakandamiza."

Akafungua begi. Kweli. Nguo sikuziona.

"Watu wanasafiri wapunguze mzigo," akasema. "Mimi nanenepeshewa begi. Taitung nikazima simu. Nikasema sasa niko huru. Mle behewani mama mmoja akaniangalia, akatabasamu, akaniuliza ukoo. Wewe unajua sisi tulivyo. Mtu akikuuliza ukoo, mdomo hujibu kabla yako. Nikautaja. Akapiga makofi: 'Wa mji wa mitungi? Kaka yangu ameoa huko huko!' Akatoa simu. Mimi nikatoa mguu."

"Ukashuka hapa."

"Hata jina la kituo sijalisoma." Akamenya pera, akanikatia nusu. Halafu akasema taratibu, bila mzaha, "Nataka siku moja tu, mzee. Siku moja ambayo hakuna mtu duniani anayejua niko wapi. Tangu nizaliwe sijaipata. Nikifika Hualien, kaskazini huko, bila kukamatwa, nitakuwa nimeipata."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilimwelewa kuliko alivyodhani.

Tukala. Milima ilikuwa na mawingu shingoni. Ilikuwa nzuri.

Ndipo nikasikia pikipiki ya Mama Peng.

Mama Peng ni jirani yangu. Hana ubaya. Ana masikio tu, na mdomo wa kuyasaidia. Tangu msiba huniletea chakula kila mchana, na nisipokuwapo nyumbani hunifuata.

"Mzee Lo! Umekula?" Akamwona mgeni. Macho yakang'aa. "Eeh! Na dada huyu? Ukoo wenu ni upi, dada?"

A-Luan akageuka rangi. Niliuona mdomo wake unafunguka. Unakwenda kujibu wenyewe.

"Binamu wa Yinmei," nikasema.

Sijui neno lile lilitoka wapi. Mimi si mtu wa kudakia maneno.

"Binamu wa marehemu!" Mama Peng akashika kifua. "Wa upande gani?"

"Wa mbali."

"Mbona mazishini sikumwona?"

"Ndiyo maana amekuja leo."

"Pole, dada, pole sana. Na unaondoka lini?"

"Treni ijayo," nikasema.

"Bila kula kwangu? Watu watasema kijiji hiki hakina wanawake!" Akawasha pikipiki. "Asiondoke! Nina wali wa kunata jikoni, nimeshaufunga kwa majani ya mwanzi. Nakuja!"

Vumbi likatulia. A-Luan akanitazama.

"Mzee, umeniokoa au umenihamishia ukoo mwingine?"

"Sijui bado."

Treni ikaja kabla ya Mama Peng. A-Luan akayamwaga mapera benchini, yote, akapanda na begi limesinyaa. Akainama kwangu kutoka mlangoni, kama tunavyowainamia wafiwa. Hakusema pole. Nilimshukuru kwa hilo.

Mama Peng akafika akihema, wali unatoa mvuke.

"Ameondoka!"

"Treni haisubiri."

"Si kitu. Mei-yun yuko Yuli." Mei-yun ni binti yake. Anauza tambi mbele ya stesheni ya Yuli, kituo kinachofuata. Akapiga simu papo hapo. "Mei-yun! Treni inayokuja, ingia ndani. Binamu wa marehemu Mama Yinmei. Mfupi, nywele za askari, begi jekundu. Mpe tambi! Asipotaka, mfungie!"

"Mwache mama wa watu," nikasema.

"Nyamaza, Mzee Lo. Shemeji yako hawezi kupita Yuli na njaa."

Nikakaa. Nilimficha kwa mdomo wangu, na mdomo huo huo ukamuuza. Siku yake ilikuwa inakwenda kuishia kwenye bakuli la tambi.

Simu ikalia. Mama Peng huongea na simu ikipaza sauti, kijiji kizima kisikie.

"Mama, nimempata," Mei-yun akasema. "Begi amelifunika koti. Lakini amelala."

"Mwamshe!"

"Nimemwita shangazi. Nimemgusa bega. Nimempitisha tambi puani. Anakoroma, mdomo wazi. Mara nikaona kama jicho moja limefunguka, likafumbwa haraka."

"Basi hajalala!"

"Ndivyo nilivyosema. Abiria wakanigombeza, mwache bibi wa watu apumzike. Honi ikalia, nikashuka na tambi zangu."

Mama Peng akakata simu. Akanigeukia. "Mtu gani analala hivyo mchana kweupe, kama gogo?"

"Ndio ukoo wao," nikasema. "Yinmei alikuwa hivyo hivyo. Ungeweza kumbeba na kitanda mpaka sokoni, akaamkia kwenye samaki."

Mama Peng akacheka mpaka akakaa. Akafuta macho kwa kitambaa cha jikoni. "Kweli," akasema. "Siku ile ya tetemeko, nani alimwamsha?"

"Mimi. Akanigombeza."

Akafungua wali, akanipa, tukala kwa mapera. Nikamuuliza polepole, kama mtu asiye na haja, kama baada ya Yuli, kuelekea Hualien, ana jamaa mwingine.

Kaskazini ya Yuli Mama Peng hana ndugu hata mmoja.