Nilivyotumwa Mwamgongo Kumrudisha Mama Leokadia

Nilikwenda Mwamgongo kwa sababu Adela aliniomba nikamrudishe mama yake. Adela anauza vitenge na anaishi Rusimbi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Njombe niliyehamishiwa Kigoma nikiwa sina ndugu wala jamaa huku. Mama yake, Leokadia, alikuwa jirani yangu Buzebazeba na kiongozi wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo. Ndiye aliyenifundisha kupikia mawese na kula mgebuka bila kujichoma na miiba.

Kisha mwanawe wa kiume, Deo, akafa maji. Boti walilokuwa wakivulia lilipinduka, na nahodha wake, mtu anayeitwa Kashindi, akatoka hai. Waliokuwapo ufukweni siku hiyo walisema neno moja: Kashindi aliambiwa ziwa limechafuka, akaondoka tu. Mama Leokadia alikwenda kumzika Deo kijijini kwao Mwamgongo, na mjini hakurudi tena.

Hilo tulilielewa. Habari iliyokuja baadaye ndiyo iliyotushinda. Kashindi, ambaye naye ni mtu wa Mwamgongo, amepigwa na kiharusi, na anayemlisha kila asubuhi ni Mama Leokadia.

Jumuiyani tuligawanyika. Mmoja alisema huyo mama ni mtakatifu. Mwingine alisema huzuni imemharibu akili. Adela alikuja kwangu akasimama mlangoni, hakutaka hata kukaa.

"Mwalimu, wewe atakusikiliza," alisema. "Mwambie chumba chake kipo. Yule mtu ana watoto wake huko walikokwenda, waje wamlishe wao."

Shule zilikuwa zimefungwa. Nikamwambia nitakwenda.

Jumamosi mchana nilipanda boti Kibirizi. Ni boti la mbao lenye injini nyuma, na siku hiyo lilikuwa limejaa magodoro, mabati, makreti ya soda na kuku waliofungwa miguu. Lilipoondoka lilifuata ukingo wa ziwa, vilima vikiwa upande wa kulia, mara nyingine karibu kiasi cha kuona mtu anafua nguo. Mimi nimekulia penye mashamba ya viazi na sijawahi kuzoea maji mengi namna hii. Kila wimbi lilipotupiga ubavuni nilimfikiria Deo. Mama mmoja pembeni yangu aliona nimeshika ubao kwa mikono miwili, akasema, "Legeza mikono, mwanangu, hilo si wimbi." Akacheka, akanipa karanga.

Tulipopita Gombe, msitu ulishuka mpaka kwenye mawe ya ufukweni. Baada ya msitu kuisha, Mwamgongo ikaonekana: nyumba zimebanana chini ya mlima, na mchanga wote umetandazwa dagaa.

Mama Leokadia alikuwa pale pale kwenye dagaa, anageuza kwa ufagio. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu." Alinitazama, akatazama mfuko wangu, akatabasamu nusu. "Adela amekutuma."

"Ndiyo, mama. Amenituma."

"Basi tule kwanza."

Jioni tulikula ugali wa muhogo na dagaa wabichi. Nilipomaliza kunawa nilisema yote niliyotumwa: chumba, mjukuu anayemuulizia, jumuiya iliyobaki bila kiongozi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikaona nimeshafika nusu ya kazi, nikamwuliza swali ambalo kila mtu Buzebazeba alikuwa akiuliza.

"Umemsamehe, mama?"

"Hapana," alisema.

Alijibu haraka, kama aliyeulizwa kama kuna maji mtungini. Kisha akanieleza. Baada ya mazishi alikuwa akisali na wenzake, lakini kila walipofika kwenye Baba Yetu, ile sehemu ya kuwasamehe waliotukosea, alifunga mdomo. Hakutaka kumdanganya Mungu. Alikaa hivyo muda mrefu. Kashindi alipoanguka, majirani walimhudumia wakachoka, na siku moja Mama Leokadia alipita mlangoni pake akamsikia anaomba maji. Hakuna mwingine aliyekuwa karibu.

"Nilimpa maji nikatoka mbio," alisema. "Nyumbani nikajiuliza, kama mdomo umekataa, mikono je? Kesho yake nikapika uji."

"Na moyo?"

"Moyo uko nyuma. Unakuja polepole, siku nyingine unarudi ulikotoka."

Jumapili asubuhi niliamka nikamkuta uani, sufuria imeshashuka motoni na bakuli limejaa, naye amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Hakusogea. Nikamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Leo sitaki kwenda."

Nilijua huo ndio mlango niliotumwa kuupitia. Ningesema tu, basi usiende, mama, twende zetu Kigoma. Badala yake nilikaa chini karibu naye. Uji ukaanza kufanya utando juu. Mwishowe alifanya ishara ya msalaba, akachukua bakuli, akaniambia nibebe kitambaa na maji ya vuguvugu.

Kashindi alikuwa amelala kwenye mkeka ndani ya chumba kilichofagiliwa vizuri. Mzee mkubwa wa mwili, mkono wa kulia umelala kama si wake. "Mwakeye," Mama Leokadia alimwamkia kwa Kiha, naye akaitikia kwa shida, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo. Alimpangusa uso, akamwinua, akampa kijiko cha kwanza. Cha pili Kashindi alikigonga kwa mkono wake mzima. Bakuli likapinduka, uji ukamwagika mkekani na kwenye kanga ya mama.

"Niache nife," alisema.

Mama Leokadia alisimama. Nilidhani anaondoka, na nadhani yeye pia alidhani hivyo. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya hasira kabisa.

"Hufi kwa njaa, Kashindi. Mwanangu amekufa maji mikononi mwako. Wewe hutakufa kwa njaa mikononi mwangu. Sikubali!"

Yule mzee alianza kulia. Ndipo akauliza, neno moja moja, kwa nini anamfanyia haya.

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na Yesu. Mimi mwenyewe nisingekuja."

Akaokota bakuli, akafuta mkeka, akanituma nyumbani nikalete uji uliobaki. Niliporudi nikamjazia bakuli. Kashindi alikula mpaka akamaliza.

Tukaenda kanisani tumechelewa. Hakukuwa na padri, katekista ndiye aliyeongoza ibada. Tulipofika kwenye Baba Yetu nilimsikiliza mama kwa makusudi. Kwenye sehemu ile alinyamaza. Halafu akaendelea na wenzake.

Njiani hakusubiri nimwulize. "Umesikia mwenyewe. Bado," alisema. "Lakini zamani nilikuwa nikinyamaza kwa kumkatalia Mungu. Siku hizi nanyamaza kwa kumngoja." Na kuhusu Kigoma aliniambia nimwambie Adela asimtandikie kitanda kwa sasa.

Jumatatu alfajiri boti la kurudi lilinipitia. Mama Leokadia alinipa dagaa wakavu na akanisukumia mfuko ndani, kisha akageuka kwenda kwake haraka kwa sababu alikuwa ameacha chungu motoni.

Adela alikuwa Kibirizi ananisubiri. Alitazama nyuma yangu, akaona nimeshuka peke yangu.

"Kwa hiyo amemchagua yeye."

Nilimwambia yote kama yalivyokuwa, hata uji uliomwagika, hata ile hapana. Nilipofika kwenye hapana alinishika mkono.

"Alisema hajamsamehe?"

"Alisema hivyo."

"Mimi nilidhani amemsahau Deo," alisema Adela, na akalia pale pale kati ya wapagazi na mabati.

Kwa miaka mingi nilidhani wokovu ni jambo ambalo mtu hulipata siku fulani kisha akalitunza, kama cheti. Nimefanya mafungo na novena nikingojea moyo ubadilike ndipo nianze kuishi nilivyoahidi. Mwamgongo nimemwona mtu aliyeanza bila moyo, anayekwenda akiwa na hasira, na ambaye kesho itabidi aanze tena. Sijui kama ningeweza. Ila sasa nikiamka sijiulizi tena kama ninajisikia kusali. Napiga magoti.

Wiki iliyofuata Adela alinipitia Buzebazeba akiwa na mfuko wa unga wa ulezi, akitafuta mtu anayekwenda Mwamgongo. Nikamwuliza kama ni wa mama yake. Alisema tu kwamba ameusagisha mara mbili ili uwe laini, mtu asiyeweza kutafuna aumeze bila shida.