Mtoto wa Mwezi wa Nane

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mdogo wangu Onesmo alizaliwa hospitalini Mikumi, Jumanne asubuhi, mwishoni mwa mwezi wa tatu, akiwa na kilo moja na gramu mia sita. Hakuna aliyekuwa amejiandaa. Siku moja kabla, mama alikuwa akipalilia miwa Ruhembe, chupa ya uzazi ikapasuka akiwa shambani, na gari lililoleta mbolea ndilo lililogeuza na kumpeleka.

Mimi nilifika siku ya pili yake na bibi, mama yake mama, aliyeteremka kutoka milima ya Vidunda alipopata habari. Baba hakuweza kuacha kazi hadi Jumapili. Shule zilikuwa zimefungwa kwa Pasaka. Tulifikia kwa mama mdogo, nyuma ya soko la Mikumi, na asubuhi tulikwenda hospitali tukiwa na chupa ya uji na kanga mbili safi za mama. Nguo ya mtoto haikuwemo kwenye kikapu. Nilimuuliza bibi njiani. Alisema mtoto akija kabla ya siku zake, kwanza huulizwa amekuja mwezi wa ngapi.

Kwa kina bibi, kila mtu mzima alilijua jambo hili. Mtoto wa miezi saba huishi, wa miezi nane haishi. Bibi alinieleza tukiwa tunatembea, bila kuinua sauti, kama mtu anayemweleza mtoto namna mbegu inavyoota. Mwezi wa saba mtoto huketi tumboni kama msafiri aliyekwisha kufunga mzigo. Mlango ukifunguliwa, hutoka na nguvu zake. Usipofunguliwa, hujilaza kusubiri mwezi wa tisa. Anayetolewa katika mwezi wa nane anatolewa usingizini, na usingizi huo haumwachi. Mtoto wa namna hiyo hapewi jina wala hachaniwi kitenge cha kubebewa, na mama yake huambiwa asimzoee.

Neno hilo, asimzoee, nililisikia mara nyingi juma lile. Sikusikia ukatili ndani yake, na hata sasa siusikii. Lilikuwa neno la watu waliozika watoto wengi na kutafuta namna ya kupunguza maumivu. Katika kazi yangu ya uandishi wa habari nimewauliza wauguzi na madaktari kadhaa, na wote wamenijibu kwamba mambo ni kinyume: kila wiki anayoongeza tumboni humsaidia mtoto. Lakini wakati ule hakuna aliyeniambia hivyo, na nilimwamini bibi.

Watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa na chumba chao mwisho wa jengo, na dirisha lake lilitazama kibarazani. Muuguzi aliyekuwa zamu aliitwa Yustina. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kandambili za bluu, na mikono yake ilikuwa imechunika kwa kunawa. Hakutuita ndani. Alitoka, akamwamkia bibi shikamoo, akaketi naye kwenye benchi la kibarazani, nami nikabaki nimesimama karibu.

Alieleza polepole. Mama alipoteza damu nyingi na sasa alikuwa na homa. Alikuwa ametundikiwa dripu na hakuweza hata kukaa kitako. Mtoto alikuwa anapumua mwenyewe, ila hakuweza kutunza joto lake. Alihitaji kufungwa kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka mama yake apate nafuu.

"Mimi nina kifua kimoja, bibi," alisema, "na watoto mle ndani ni wanne."

Bibi aliuliza kama hakuna mashine. Nesi Yustina alisema ipo, na ina mtoto mdogo zaidi ya huyu. Kisha akaongeza kwamba kifua cha mtu hakikatikiwi umeme.

Bibi aliangalia barabara ya hospitali, ambako mtu alikuwa anasukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa. Mwishowe alisema hapana.

Nesi hakubishana. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake kwa utani, naye alilijua hilo. Alimsogelea kidogo.

"Mume kaja mwenyewe mpaka mlangoni, bibi. Unamkataa?"

"Mume gani huyo, hata meno hana."

"Si mmelingana?"

Bibi alikuwa amepoteza meno ya mbele. Alicheka, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Nesi naye akacheka. Kisha bibi akaacha kucheka, na mkono ukabaki mdomoni.

"Wangu nilimzoea siku nne," alisema.

Nilikuwa sijawahi kusikia habari hiyo. Kabla ya mama yangu, bibi alizaa mtoto wa kike mwezi wa nane, nyumbani, milimani, msimu wa mvua. Aliambiwa asimzoee. Yeye alimficha ndani ya nguo yake na kumbeba siku nne. Mtoto hakunyonya, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kunyonya. Siku ya nne bibi alikuwa anachambua maharage, na hakujua ni saa ngapi mtoto alikuwa ameacha kupumua. Waliokuja kumpa pole walimwambia alionywa.

Leo najua kitu ambacho Nesi Yustina bila shaka alikijua palepale: mtoto asiyeweza kunyonya anaweza kukamuliwa maziwa ya mama yake na kunyweshwa kidogo kidogo. Hakusema. Alisema pole, akauliza kama mtoto yule alikuwa na nywele. Bibi alisema alikuwa nazo nyingi. Ndani mtu alimwita nesi. Alijibu kwamba anakuja, na hakuinuka.

Ndipo bibi aliponigeukia mimi.

"Wewe ndiye ulikuwa nyumbani. Mama yako alianza kukataa dagaa lini?"

Hivyo ndivyo bibi alivyohesabu mimba. Mama alipenda dagaa, na kila mimba ilianza kwa kuwachukia. Ukijua siku aliyosukuma sahani, unarudi nyuma mwezi mmoja, unaanza kuhesabu hapo. Kadi ya kliniki bibi hakuiamini, maana iliandikwa na watu ambao hawakuwepo mezani.

Mimi nilikuwepo. Ilikuwa mwezi wa tisa, darasa la saba walipokuwa wanafanya mtihani, na sisi wa madarasa ya chini tulibaki nyumbani kupisha madawati. Mama alikaanga dagaa, akatoka nje, akatapika karibu na karo. Nilikumbuka mpaka sufuria. Nilikumbuka pia, kwa kuwa nilikuwa hodari wa hesabu, kwamba kutoka hapo mpaka mwezi wa tatu, ukiongeza mwezi mmoja wa nyuma, unapata minane.

Kabla ya mazungumzo yale nilikuwa nimechungulia dirishani. Mtoto alikuwa na kofia ya sufu iliyomfika kwenye nyusi, na mguu mmoja ulikuwa umetoka nje ya kanga. Ulikuwa unapiga, unatulia, unapiga tena. Sikuona usingizi katika mguu ule.

"Siku ya Nyerere," nilisema. "Tulikuwa hatuendi shule."

Siku ya Nyerere ni katikati ya mwezi wa kumi.

Nesi Yustina alikuwa na kadi ya mama mkononi. Aliitazama, akanitazama mimi, akaikunja na kuitia mfukoni. Bibi alihesabu kwa vidole, mkono mmoja mzima, kisha akaenda mkono wa pili. Alisimama kwenye kidole cha pili. Alirudia tangu mwanzo, akasimama palepale.

"Saba," alisema.

"Basi, bibi," nesi alisema, "tukanawe mikono."

Bibi alimbeba mtoto siku sita. Nesi alimkalisha kwenye kiti chenye mgongo, akamlaza mtoto katikati ya matiti yaliyokwisha kulegea, kichwa kimegeukia pembeni ili apumue, akamfunga kwa kitenge kwa namna ambayo bibi aliisifu kuwa ni ya mtu aliyelelewa. Maziwa yalikamuliwa kutoka kwa mama aliyekuwa amelala, yakapimwa kwa bomba la sindano, yakashuka taratibu kwenye kimpira chembamba kilichopita puani mwa mtoto. Nesi alimfundisha bibi kuhesabu pumzi. Alimfundisha pia kupumzika: mara mbili kwa siku alimchukua mtoto kifuani mwake mwenyewe, akamtuma bibi anywe chai, na bibi akarudi kabla chai haijapoa. Kila jioni alikipeleka kiti kando ya kitanda cha mama ili mama aweke kiganja juu ya kofia. Mama alikuwa hana nguvu ya kuongea. Aliweka kiganja.

Bibi aliongea na mtoto Kividunda usiku kucha, hivyo walisema kina mama wengine. Alimpangia mashamba atakayolima.

Mimi ndiye niliyekuwa na hofu. Niliamini nimedanganya kitu kikubwa kuliko bibi, na kwamba kitu hicho kina hesabu yake sahihi. Kila asubuhi nilisimama dirishani na kuuliza swali moja: ameamka? Nesi Yustina hakunicheka. Siku ya tatu aliniita ndani, akaninawisha hadi kwenye viwiko, akaniambia niguse unyayo kwa kidole kimoja. Niligusa. Mtoto akauvuta mguu.

"Umejionea," alisema. "Kesho usiniulize mimi. Njoo umuulize mwenyewe."

Jumapili baba alifika, na bibi akampa mtoto jina la kaka yake mwenyewe, kama upande wa mama unavyofanya kwetu. Jumanne iliyofuata mama aliweza kukaa, akafungiwa Onesmo kifuani kwa mara ya kwanza tangu aanze homa. Bibi alisimama pembeni akimkosoa namna ya kushika. Wiki ya nne waliruhusiwa, tukarudi Ruhembe, mvua zikiwa zimeanza kukolea.

Kwa miaka minane sasa nimefanya kazi katika chumba cha habari. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kusahihisha tarehe za watu wengine. Nimewahi kumrudishia mwandishi kijana habari yake mara tatu kwa sababu ya siku moja isiyolingana. Sijamsimulia yeyote kazini kwamba taarifa ya kwanza niliyoitoa mbele ya watu ilikuwa ya uongo, na kwamba mwenye nyaraka mkononi aliiacha ipite.

Mwaka jana nilimsimulia mama. Alitoa ile kadi kwenye sanduku. Imeandikwa wiki thelathini na nne, kwa kalamu ya bluu. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Siku ya Nyerere ya mwaka ule bibi alikuwa kwetu Ruhembe. Alileta maharage, akalala siku mbili. Aliwakuta dagaa wamefungiwa kwenye kopo nje, na ndiye aliyemwambia mama kwamba mimba hiyo ina zaidi ya mwezi.

Mimi sikukumbuka ugeni huo hata kidogo. Kazi yangu imenizoesha kutafuta chanzo cha pili, kwa hiyo nilipanda Vidunda kumuuliza mwenyewe. Nilimkuta anapepeta mchele. Nilimwamkia, nikaketi, nikauliza kama siku ya Nyerere alikuwa kwetu.

"Nilikuwepo."

"Basi ulijua nimekudanganya."

Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi.

"Hesabu yangu nilikuwa nayo," alisema. "Nilikuuliza nisikie kama kuna mwenye nyingine."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi tangu siku ile. Naona kwamba watu watatu pale kibarazani tuliijua idadi ya miezi, na kila mmoja alidhani anawaficha wawili wengine. Bibi hakuacha kuamini habari ya mwezi wa nane, na haachi hadi leo. Alimbeba mtoto akiwa anaiamini. Hilo ndilo sikuweza kulielewa nikiwa na miaka tisa.

Onesmo ana miaka ishirini na miwili. Mwezi wa sita mwaka huu, msimu wa miwa ulipofunguliwa, aliajiriwa Ruhembe kuendesha trekta. Bibi alikuwa ameteremka kumsalimia mama, akamkorogea Onesmo uji saa kumi na moja alfajiri. Alikunywa, akaaga, akaenda kazini.