Dume Niliyemhasi Kanyangi

Mimi si mtu wa kujificha nyuma ya unyenyekevu. Karo ya chuo nilijilipia kwa kufyatua matofali hapa hapa Kanyangi, nikapata diploma ya afya ya mifugo, nikaenda Doha kufanya kazi katika kliniki ambako paka wana kadi zao za matibabu. Niliporudi nilimjengea mama nyumba ya mawe yenye sakafu ya vigae. Kaka yangu mkubwa, mzee wa kanisa ambaye hajawahi kuvuka mto Athi asirudi jioni, aliizunguka nyumba hiyo mara moja akaniambia madirisha ni makubwa mno. Hiyo ndiyo pongezi niliyopata kwetu.

Humo mama aliishi na sungura mweupe niliyemletea akiwa mdogo. Baba alishafariki, wajukuu wote wako Nairobi, na magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Akamzoea mnyama yule. Alimkatia majani ya viazi vitamu na kumwongelesha Kikamba mchana kutwa. Kisha sungura akakomaa. Alianza kumzunguka mama miguuni akikoroma, akakojolea makochi na sketi yake ya kanisani, akamng'ata kila alipompelekea chakula. Kaka alipojaribu kumshika, alichanwa mkono hadi ukatoka damu, na tangu siku hiyo akawa na shauri moja tu.

"Mama, hiyo ni nyama. Nipe nikuondolee aibu."

Mama alikaribia kukubali. Alinipigia simu akasema, "Huyu wako amekuwa mshenzi. Nimechoka kufua. Kaka yako atamchukua." Alisema kwa sauti ya mtu anayemfukuza mtoto ambaye bado anampenda.

"Huyo si mshenzi, Mwaitu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kikamba. "Huyo ni dume. Ningoje."

Nilimpeleka sungura chumba cha nyuma cha duka langu la dawa za mifugo, nikampa dawa ya usingizi, nikamhasi. Sungura si beberu, umbane kwa koleo uani huku wanaume wamemkalia. Ni mnyama wa moyo mwepesi, hofu peke yake inaweza kumuua. Wenye vyeti vikubwa kuliko changu niliwauliza wakasema hawajawahi, na hawataki kujaribu. Mimi nilijaribu, na jioni hiyo alikuwa anatafuna nyasi.

Nilimrudisha kwa mama, na wiki zilizofuata kaka alipita kila jioni kukagua. Nilimweleza kwamba homoni hazitoki mwilini kwa siku moja. Hakutaka kuelezwa.

"Bado anakojoa ovyo," alisema akiwa mlangoni. "Daktari wa makende ya sungura. Kwani ulisomea nini huko Uarabuni?"

"Mambo ambayo nikikueleza mara tatu huyashiki."

"Mungu alimuumba dume."

"Na maksai wanaokulimia, hao waliumbwa na nani?"

"Hao wana kazi. Mnyama huhasiwa alime, ama anenepe aliwe. Huyu wako atalima shamba la nani?"

Hiyo ndiyo akili ya huku. Beberu akihasiwa, majirani huanza kuulizia ni wa sherehe gani. Kwamba mnyama anaweza kuhasiwa ili aishi vizuri na mtu, hilo kwao ni wazimu niliouleta kwa ndege.

Lakini alibadilika, polepole, kama nilivyosema. Mkojo ukaishia kwenye beseni la maranda. Kukoroma kukakoma, meno yakabaki kwa ajili ya majani. Hakuwa mzito wala mpumbavu kama walivyotabiri. Bado aliruka akijipinda hewani asubuhi, na bado alipiga sakafu kwa mguu wa nyuma chakula kikichelewa. Kilichomtoka ni ugomvi. Mchana alijilaza kando ya goti bovu la mama, kidevu juu ya kandambili yake. Mgeni akiingia, alimwendea. Alimwendea hata kaka.

Jumapili moja kaka akaleta wageni wa kanisa kutoka Kathonzweni, na mchungaji wao alikuwa amekatazwa nyama nyekundu na daktari. Nilimkuta kaka uani, kisu ndani ya ndoo, sungura akining'inia mkononi mwake kwa miguu ya nyuma. Hakuwa amemkimbiza. Alikuwa amechuchumaa tu akanyoosha mkono, na mnyama akaja mwenyewe.

"Si ulinitayarishia?" aliniambia. "Amekuwa mpole sana. Asante, daktari."

"Mweke chini."

"Utanigombeza mbele ya wageni kwa ajili ya sungura? Wenzako wana wake na watoto. Wewe una sungura."

Niliushika mkono wake uliomshika sungura, nikaukaza. Nikamwambia kisu akipeleke kwa kuku wake, kama amebaki na kuku ambaye hajamuuza. Mchungaji akaanza kusema kwamba maharagwe yanamtosha kabisa. Hapo mama akatoka jikoni akijishikilia ukutani.

"Umekuwa ukipita hapa kila jioni kumwangalia sungura," alimwambia kaka. "Magoti yangu umeyauliza lini? Huyo ndiye anakaa na mimi. Mweke chini."

"Mama, wageni..."

"Wageni wamesema maharagwe."

Kaka alimwachilia, karibu amtupe. Sungura akajificha chini ya benchi, na mama alipomwita, akatoka.

Wageni walikula maharagwe. Kaka alikaa nao bila kula, na tangu siku hiyo hatusalimiani, hata kwenye mlango wa kanisa. Wazee wamejitolea kutupatanisha, nimewaambia wasijisumbue. Mama anasema sungura wake sasa ni mpole kupita kiasi, kwamba angemfuata hata mwizi, na ni kweli. Kwa hiyo lango nimelitia kufuli, na kaka hana ufunguo. Zamani mnyama yule alijilinda kwa meno yake. Kazi hiyo sasa ni yangu, na meno ninayo.