Aliyelia Kutoka Barabarani

Mama mkwe wangu, Bongchi, hakurudisha bakuli tupu maisha yake yote. Jirani akituletea wali wa kunata wa kusherehekea mtoto wa kiume aliyetimiza mwezi, yeye huliosha bakuli, akatia konzi ya mchele mbichi na kijiwe juu yake, ili kichwa cha mtoto kikomae kama jiwe. Vijiwe aliviokota mtoni, akaviweka kwenye kopo la maziwa kando ya jiko. Hata miguu ilipomkataa, alimtuma mwanawe, mume wangu, amwokotee.

"Si hilo, lina pembe. Unataka mtoto wa watu awe mkorofi kama wewe?"

Aliuza mboga katika soko la mji wetu, Xiluo, na kila aina ya kutoa aliipa neno lake. Mteja aliongezewa majani ya vitunguu. Jirani alimegewa. Wafu walitengewa. Mkubwa alikabidhiwa, kwa mikono miwili. Nilipokuwa bibi harusi mgeni nyumbani kwake nilimwambia, "Mama, takataka nimetoa, na mgeni nimemtolea chai."

Akanirekebisha: "Chai umemkaribisha, mwanangu. Takataka ndizo umetoa."

Nilidhani ni ukali wa wakwe. Mume wangu ndiye aliyenieleza baadaye. Jina lenyewe, Bongchi, ni kama kusema "basi, alelewe tu." Alizaliwa binti wa nne, na kabla hajatimiza mwezi mama yake alimvusha mto hadi kwa akina Ng, waliokuwa wamefiwa na kichanga na matiti ya mama yamejaa maziwa. Anyonye pale, akikua awe mke wa kijana wao. Wengi walifanyiwa hivyo zamani hizo. Alimwita yule kijana kaka, wakagombana, wakachunga bata pamoja, hadi mkesha wa mwaka mpya mmoja wazee walipomaliza kula wakawaambia kuanzia sasa chumba chenu ni kimoja. Alimzalia mtoto, ndiye mume wangu, kisha akamzika mumewe mapema.

Mama mlezi alimwambia jambo moja tu kuhusu siku ile: mama yako alikushika kwa mikono miwili alipokuleta. Bongchi aliishi na jambo hilo kama wengine wanavyoishi na shamba la urithi. "Mimi sikutolewa," alisema. "Nilikabidhiwa."

Mama mzazi alikuwa mteja wake. Nilimwona mara nyingi, bibi mfupi mwenye kofia ya majani, akipinda kabichi huku na huku.

"Kabichi gani hii, imekonda kama mchawi."

"Imekonda kwa kukungoja, bibi."

"Na vitunguu hivi? Usinipe vya bure, sitaki."

"Sikupi. Nakuongezea."

Walijuana wote wawili, na soko zima lilijua. Hawakuwahi kuitana mama wala mwanangu. Bibi akiondoka, Bongchi alipanga upya kabichi ambazo hazikuwa zimevurugika.

Bibi alipofariki, habari ilitufikia kupitia muuza tofu. Kwetu binti aliyeolewa akifiwa na mzazi hashuki garini mlangoni. Hushuka kwenye kona, akapiga magoti, akatambaa akilia hadi kwenye jeneza, na mtu wa nyumba ile hutoka kumnyanyua. Asiponyanyuliwa, basi hana kwao.

"Nitalia kutoka barabarani," alisema, akivaa nguo nyeusi.

"Mama," mume wangu akamsihi, "wakikukataa je?"

"Nani amkatae anayelia?"

Ilikuwa asubuhi ya baridi yenye manyunyu. Alishuka kwenye kona, akapiga magoti kwenye lami, akaanza. Sijawahi kusikia sauti ile tena. Mwanamke aliyekuwa akibishana na wateja kwa utani alikuwa akiita "Mama! Mama!" kama mtoto aliyeamka akakuta nyumba tupu. Sisi tulitembea nyuma yake.

Tukafika kwenye turubai la msiba. Dada zake watatu, wenye vifuniko vya katani vya wafiwa kichwani, walitazama chini. Langoni alisimama mdogo wake, Thiansiong, mtoto wa kiume aliyezaliwa baada yake. Watu walisema Bongchi, kwa kuondolewa nyumbani, ndiye aliyempisha njia.

"Bi Mboga," alisema, kwa upole hasa, "inuka, utaumia."

"Ninyanyue, mdogo wangu."

"Siwezi. Ulishatolewa, una wazee wako wa kuwalilia. Mwongozaji wa mazishi anasema tukichanganya koo mbili, mama hatapumzika."

Niliinama nimshike kwapa. Akanisukuma kwa kiwiko. "Wewe si wa mlango huu. Niache." Akabaki palepale, viganja kwenye maji ya barabara, akimngoja.

Thiansiong aliingia ndani. Aliporudi alikuwa na taulo jeupe lililokunjwa, lile wanalopewa wageni wanaokuja kutoa pole. Alimnyooshea kwa mikono miwili. Nadhani yeye pia alikuwa akilia.

Bongchi alilitazama. Kisha akalipokea, kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama mgeni anavyofanya, akajinyanyua mwenyewe. Magoti yake yalikuwa yanavuja damu. Njiani hakujifuta nalo.

Tangu siku ile sikumsikia tena akisema alikabidhiwa. Aliendelea kuuza, aliendelea kuongezea, lakini utani ulimpungua, na mteja akilalamika kuhusu kabichi alimjibu tu, "Basi chagua nyingine." Miaka michache baadaye mapafu yakamlaza. Nilimlisha uji kila siku baada ya kazi, na hakuniuliza chochote kuhusu mambo ya dunia.

Jioni moja akaniuliza ni lini nilimwona mama yangu mara ya mwisho. Nikasema tangu mwaka mpya. Yuko mbali, na mimi sasa ni wa huku. Nilienda kwa mama kesho yake, tukamenya karanga pamoja, na simu ya kunijulisha kwamba amefariki ikanikuta huko. Jioni ile aliponiuliza alikuwa amenishika mkono, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Kesho usije," alisema. "Nenda kwa mama yako. Mwambie nimekurudisha."